Marehemu wa Kidete

Sehemu ya Tisa

Wiki jana tulimwacha Jackline mgahawani kwa Costancia, pale Mikumi, kabeba sahani tatu za wali kwa mikono miwili. Likizo ya chuo yeye huwa haendi kupumzika, anahudumia madereva wa malori. Mlangoni kasimama baba yake, mzee Ngeleja, katoka Kidete, kofia kichwani na fimbo mkononi. Nyuma yake Loveth, mdogo wake Jackline, kaangalia chini. Na mzee hakusubiri hata salamu.

"Jackline, hebu niambie wewe uliyesoma. Mimi nilikufa lini?"

Haya, tuendelee.

Sahani hazikuanguka. Jackline alizifikisha mezani zote tatu, akaziweka mbele ya wenyewe, akafuta mikono kwenye kitenge mara mbili. Alikuwa anatafuta muda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mayu." Mzee Ngeleja huwaita binti zake hivyo, mayu, kama alivyokuwa akimwita mama yake mzazi kule Usukumani. "Nijibu swali."

"Baba, mbona sielewi?"

"Hata mimi sielewi. Ndiyo maana nimekuja kwa msomi."

Costancia, mwenye mgahawa, ni mwanamke ambaye basi likiharibika Ruaha, yeye huku Mikumi keshajua jina la kondakta. Alishavuta kiti. "Kaa hapa katikati mzee, upepo unapita."

Upepo haukuwepo. Ila katikati ndipo meza zote zingesikia vizuri.

Mzee akakaa, fimbo akailaza mapajani.

"Jana nimemshika huyu Loveth mkono, twende Kilosa tukafuate cheti chake cha kuzaliwa. Cha zamani kimeliwa na mchwa, na dirisha la mikopo linafungwa Ijumaa. Mwenyewe anavuta miguu kama ndama anayepelekwa josho, sijui kwa nini. Tumefika ofisini, binti wa pale, mtoto mwenye adabu sana, akaangalia kompyuta yake. Akaniletea kiti. Akasema, pole sana kwa msiba, mzee, wewe ni nani wake marehemu? Nikamwuliza marehemu gani. Akasema Laurent Ngeleja, baba wa huyu mtoto. Nikamwambia, binti yangu, marehemu ndiye mimi."

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Dereva mmoja alipaliwa na maharage mpaka akapigwa mgongoni.

"Sasa mzee," dereva akasema akifuta machozi, "huko ulikotoka kukoje? Foleni ipo kama ya mizani?"

"Sijafika. Nimerudishwa njiani, wanasema nimesahau kitambulisho."

Kicheko tena. Mzee mwenyewe alicheka, meno yote nje. Jackline naye alicheka, ila mdomo tu.

Kwa sababu aliyemwua mzee Ngeleja alikuwa amesimama hapo hapo, kavaa kitenge cha mgahawa, ananuka vitunguu.

Mnaotufuata tangu mwanzo mnalijua. Uliyejiunga leo, sogea nikunong'oneze. Miaka miwili iliyopita Jackline alimaliza kidato cha sita, akapanga foleni kwa Cosmas, mwenye stesheneri pale Mabwerebwere, Kilosa, ajaziwe fomu ya mkopo wa chuo. Cosmas akamwangalia, akasema: "Baba mfugaji? Ukiandika hivyo unajiandikia maumivu. Mwenye ng'ombe anahesabika tajiri. Yatima ndiye anayepewa mkopo wote."

Na ng'ombe wenyewe, msomaji, mwaka ule walikuwa wamebaki sita, mbavu nje.

Kijijini Kidete hakuna mashine ya kuchapa. Kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji, mzee Yared, ana huruma yake moja: mwanafunzi akija, anampigia muhuri na sahihi kwenye karatasi tupu, akaijazie mjini, asiende na kurudi. Jackline alikuwa na karatasi ya namna hiyo. Cosmas akaijaza: Laurent Ngeleja amefariki, amezikwa kijijini. Karatasi ikazaa cheti cha kifo. Cheti kikazaa mkopo.

Na malipo ya Cosmas? Mbuzi mmoja, kutoka zizi la marehemu mtarajiwa. Nyumbani Jackline alisema kachukuliwa na fisi.

Sasa fisi huyo alikuwa anamminyia baba yake limao kwenye supu.

"Wamenipa nakala," mzee akasema. Akatoa karatasi mfukoni, ameikunja mara nne kama noti. "Nisomee. Macho yangu na hizi herufi ndogo hatupatani."

"Baba, twende nyuma, hapa kelele."

"Soma hapa hapa mwanangu," Costancia akadakia. "Kelele iko wapi? Jamani, nyamazeni."

Wakanyamaza, hata wa jikoni.

Jackline akasoma. Jina. Umri. Sababu ya kifo, malaria kali. Sauti ilikuwa yake lakini aliisikia kama ya mtu mwingine. Alipofika kwenye tarehe, akaisoma haraka haraka, aipite.

"Rudia hapo," Loveth akasema. Ndilo neno lake la kwanza tangu waingie.

Akarudia.

"Hiyo si siku ya kipaimara changu?"

Mzee Ngeleja akainua uso. "Siku ya kipaimara? Ile niliyocheza mpaka kofia ikaangukia kwenye sufuria la pilau?"

"Hiyo hiyo, baba."

Kwa Cosmas, siku ile ya fomu, Jackline alitakiwa ataje tarehe, na kichwani ikamjia hiyo moja. Labda kwa sababu hakuwahi kumwona baba yake yuko hai kama siku hiyo.

Mzee akaitikisa fimbo taratibu. "Basi ndiye. Sina shaka tena. Siku ile wageni wasio ndugu walikuwa wachache, na mmoja alikuwa Yared. Alileta jogoo."

"Yared gani?" Costancia akauliza, maana hadithi ikitaja jina yeye hutaka na ukoo.

"Jirani yangu, mwenyekiti wetu. Wao ndio wenyeji wa milima ile, sisi tumewakuta. Mwaka ule ng'ombe wangu waliingia kwenye mahindi yake, wakala robo eka. Akasimama mbele ya watu akasema, Ngeleja, wewe nitakuzika. Mimi nikadhani ni hasira. Kumbe alikuwa anatoa taarifa. Barua ya kifo iliyoko ofisini muhuri ni wake, sahihi ni yake. Nimemshitaki jana hiyo hiyo. Leo saa sita ameitwa kituo cha polisi Kilosa akatoe maelezo."

"Baba, umemshitaki mzee Yared?"

"Nimshitaki nani mwingine? Twende wote, mayu. Wewe ndiye utakayeniandikia maelezo yangu kwa Kiswahili cha chuo. Na nyumbani turudi mapema, fisi wameanza tena. Mama yenu anasema wiki hii wamechukua mbuzi wawili."

Safari ya Mikumi hadi Kilosa siwasimulii. Jueni tu kwamba njia nzima mzee alikuwa anampangia Jackline maneno ya kuandika, na Jackline alikuwa anaitikia, "Ndiyo baba. Ndiyo baba."

Walipofika, akaaga kidogo. Alisema anakwenda kutafuta karatasi nzuri ya maelezo. Akaenda moja kwa moja Mabwerebwere.

Kwa Cosmas siku zile za mwisho za dirisha pamejaa kama harusi. Vijana mpaka barazani, kila mmoja na bahasha ya kaki, mmoja analia kwamba picha ya mdhamini wake imetoka nyeusi. Cosmas yuko katikati, simu mbili, kalamu sikioni, anafurahia.

"Ooh, mteja wa zamani. Mwaka wa ngapi sasa?"

"Cosmas, baba yangu yuko Kilosa."

"Mwambie namsalimia."

"Ana nakala ya cheti."

Cosmas akaacha kucheka. Akamvuta nyuma ya mashine ya fotokopi, mahali penye joto.

"Umesema chochote?"

"Bado. Ila kamshitaki mzee Yared. Yule mzee hajui lolote."

"Vizuri. Asiyejua atasema hajui, watamwachia. Wewe nyamaza."

"Na wakimweka ndani?"

"Jackline, nisikilize. Ukifungua mdomo, mkopo unakatwa leo. Chuo kwaheri. Walichokupa wanakidai chote, na kesi juu. Mwaka mmoja umebaki. Mmoja. Hivi kwenu nyumba nzima nani mwingine ana digrii?"

Hakuna. Ndivyo alivyojijibu Jackline kimoyomoyo, na akajichukia kwa jinsi jibu lilivyokuja haraka.

"Na usidhani utaanguka peke yako," Cosmas akaongeza, akimtazama kwa jicho la pembeni. "Familia yenu mnanipa kazi nyie."

Jackline alidhani Cosmas anajiogopea yeye mwenyewe tu. Tulipofika hapo, msomaji, hata mimi ningedhani hivyo hivyo.

Akarudi kituoni na karatasi nne nyeupe.

Benchi la nje, chini ya dirisha, alikaa mzee Yared. Alivaa koti lake la kanisani, lile analovaa akisoma somo Jumapili pale Anglikana, limefungwa vifungo vyote na jua lote lile. Miwani yake ina waya sehemu ya sikio. Upande wa pili wa benchi hilo hilo alikaa mzee Ngeleja na Loveth. Katikati ya wazee wawili palitosha mtu wa tatu, na hakuna aliyetaka kupajaza.

Askari aliyekuwa na jalada lao, sajini Boniface, alikuwa ndani anamalizana na watu wa ajali ya pikipiki.

"Shikamoo babu," Jackline akasema.

"Marahaba mjukuu wangu." Mzee Yared akamtazama muda. "Umekonda. Chuo hakuna chakula?"

"Kipo babu."

"Huyo si mjukuu wako," mzee Ngeleja akasema akiangalia barabarani. "Huwezi kumzika baba halafu mtoto ukamwita mjukuu."

"Ngeleja, ningetaka kukuzika ningekuzika yale mahindi yakiwa bado yanatoka kwenye pua za ng'ombe wako. Sasa hivi nguvu za kuchimba sina."

"Muhuri ulipigwa na nani?"

"Na mimi. Nimekwambia tangu tulipokaa hapa, muhuri ni wangu, mkono ni wangu."

"Basi kesi imekwisha."

"Ndiyo hivyo."

Mzee Ngeleja akainuka kwa hasira, akaenda kibombani kunywa maji. Loveth akabaki anachezea mkanda wa begi lake. Jackline akajikuta amekaa pale katikati.

Mzee Yared akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la koti, polepole, na akazungumza bila kugeuza shingo.

"Mimi nampigia muhuri mwanafunzi tu. Watu wa mashamba nawaandikia mwenyewe, neno kwa neno. Mwaka ule kutoka upande wenu alikuja mwanafunzi mmoja."

Jackline akazikunja zile karatasi nne nyeupe.

"Ulikuja mvua inanyesha," akaendelea. "Nilikuwa bado na hasira ya mahindi. Mke wangu akasema, mwache huyo, wa yule mwenye ng'ombe. Nikasema mtoto hakula mahindi. Nikakupigia."

"Babu..."

"Umebakiza muda gani?"

"Mwaka mmoja, babu."

Akairudisha miwani usoni, akaukaza ule waya. "Maliza. Nitamwambia afande nazeeka, sikumbuki karatasi zangu. Si uongo sana. Hata huyu mdogo wako juzi nimempigia, mbili au tatu, sikumbuki."

Hapo ndipo Jackline aliposhindwa.

Mzee Yared angemtukana, Jackline angevumilia. Angetaja jina lake mbele ya askari, Jackline angekana, angelia, angefanya lolote. Lakini mzee wa watu amevaa koti la kanisani ili aje akubali kosa lisilo lake, na bado anamwuliza kama chuoni kuna chakula.

Mzee Ngeleja alirudi anafuta mdomo. Jackline akasimama, kisha akapiga magoti, pale pale kwenye mchanga wa kituo, watu wakipita na mafaili yao.

"Mayu, unafanya nini? Inuka, watu wanaona."

"Baba, mwache mzee Yared. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyekuandika umekufa. Ni mimi, baba. Kwa ajili ya mkopo."

Mzee Ngeleja hakuinua fimbo. Jackline alikuwa anaisubiri, aliinamisha hata shingo ipate nafasi. Haikuja. Alipotazama juu alimwona baba yake amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili, kama wanaume wanavyosimama jeneza likipita.

"Kwa hiyo bumu ile, hela ya mkopo," akasema taratibu. "Uliyomnunulia mama yako godoro. Uliyoniletea mimi hii kofia."

"Ndiyo baba."

"Ilikuwa rambirambi yangu."

Jackline akafunika uso. Mzee Yared akageuka kuangalia ukuta, kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila hodi.

"Ngeleja," akasema kwa chini, "mtoto ni mdogo. Tuliongee nyumbani. Afande hajatoka."

"Nyamaza kwanza Yared, nitakuomba radhi baadaye, radhi yako ni kubwa, inataka siku yake." Kisha kwa Jackline: "Aliyekuandikia hakufanya bure. Ulimlipa nini? Hukuwa na kitu."

"Mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Yule mweupe, mwenye doa shingoni. Nilisema fisi."

Baba yake akaitazama kofia. Midomo ikacheza kidogo bila sauti. Watu wanaomfahamu wanasema mzee Ngeleja hasahau mnyama, hata aliyekufa miaka kumi iliyopita atakutajia mama yake.

"Fisi," akasema.

"Fisi," akarudia, na safari hii hakuwa anamwambia Jackline. Aligeuza shingo polepole, akamtazama Loveth aliyekuwa amejibana mwisho wa benchi, begi limekumbatiwa kifuani. "Loveth. Na wale wawili wa wiki hii?"

Loveth akavuta zipu ya begi, akaifunga tena.

"Nimekuuliza, mayu. Na jana ulikuwa unavuta miguu kwa nini?"

"Baba, mimi... fomu yangu ilishatumwa. Juzi. Nilishindwa kukwambia."

Jackline akayakumbuka maneno ya Cosmas. *Familia yenu mnanipa kazi nyie.* Akamgeukia mdogo wake akiwa bado magotini. "Loveth, ulijuaje?"

"Nilikiona cheti kwenye begi lako, likizo ya mwaka juzi. Nikaona wewe umefanikiwa." Machozi yalikuwa yanamtiririka Loveth, lakini alijibu kwa adabu tu, kama anayejibu swali darasani. "Nikasema kama dada amefanya, basi si vibaya sana. Halafu Cosmas akasema siku hizi waliofiwa na baba peke yake wamekuwa wengi."

"Akasema nini?"

Loveth akafuta machozi. Akafungua begi, akatoa bahasha ya kaki, akaiweka benchini, pale katikati palipokuwa pameachwa wazi. Mzee Yared, aliyekuwa karibu, ndiye aliyeitoa karatasi. Akaisogeza kwenye miwani. Aliuona muhuri wake chini. Kisha akaona jina juu, akalisoma mara mbili.

Marciana Ngeleja. Amefariki. Amezikwa Kidete.

"Ngeleja," mzee Yared akasema, "hapa ni mkeo."

Ndani, kiti kikaburuzwa. Sajini Boniface alikuwa anakuja, jalada kwapani, kalamu mdomoni.

Na mfukoni mwa mzee Ngeleja simu ikaita, ile simu yake ya tochi yenye mlio wa kuamsha mtaa. Akaitoa. Hakuhitaji macho mazuri kulisoma jina hilo. Ni saa sita na nusu, na saa sita na nusu mke wake hupiga kuuliza kama wamekula.

Hakupokea. Aliinyoosha simu mbele ya binti zake wawili, ikiwa bado inalia.

"Pokeeni nyinyi," akasema. "Mwambieni mama yenu tarehe aliyokufa."